Yuko Ulaya, Mbona Anakawia Kujibu?

Msomaji wangu, hebu nikuulize swali la uchokozi kidogo. Umempigia mpenzi wako aliye nje ya nchi. Umemwuliza, "Bado unanipenda?" Halafu kimya. Kimya kifupi tu, cha kufumba na kufumbua, ndipo anajibu, "Sana, mpenzi." Siku hiyo utapata usingizi kweli? Wenzangu niliowauliza ofisini walicheka, kisha wakakubali kwamba hawatalala. Mmoja alisema bila kupepesa macho: huyo kuna mtu kamgeukia kwanza.

Mimi nina maelezo mengine ya kimya hicho, na hayahusu mtu wa pembeni. Yanahusu nyaya za shaba na setilaiti. Najua umenunua gazeti la mambo ya mapenzi, si la mafundi simu, lakini nivumilie. Kati ya mwaka 2004 na 2006 kitu kinachoitwa DSL nusura kivunje uchumba wangu, na kilitaka kuuvunja kwa sababu moja tu: hakikuwapo. Kwangu hakikuwapo, na kwa mwenzangu, aliyekuwa Ujerumani, hakikuwapo vilevile. Hilo la pili ndilo lililoleta balaa.

Waya ule ule wa simu

Kwa ninyi mlioanza intaneti moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, nianze kwa kueleza kidogo. Simu ya mezani ya zamani ilikuwa na jozi ya nyaya nyembamba za shaba zinazotoka nyumbani hadi kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Sauti ya mtu ndani ya waya huo inatumia nafasi ndogo mno, haizidi hezi 3,400 hivi. Nafasi inayobaki ni kama barabara pana inayopitiwa na baiskeli moja. Wahandisi wakaona isiwe tabu, wakapitisha data kwenye nafasi hiyo tupu, kuanzia kama kilohezi 25 na kupanda hadi zaidi ya kilohezi 1,000. Hiyo ndiyo DSL. Unaongea na mama kwenye simu huku mdogo wako anafungua barua pepe, kila mmoja na njia yake.

Kabla ya hapo kulikuwa na modemu ya kupiga namba, ile iliyokuwa inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwisho wake kilobiti 56 kwa sekunde, na ukiwa mtandaoni kila anayekupigia anakuta simu inatumika. ADSL, ambayo ndiyo DSL iliyoenea majumbani, ilikuja na uwezo wa hadi megabiti 8, na toleo lake la pili lililoboreshwa likafika 24. Hayo yalikuwa mapinduzi, bwana.

Ila ina masharti. Waya uwe wa shaba mwanzo mpaka mwisho, na uwe karibu na mtambo. Ukifika kilomita tano hivi, nguvu imekwisha njiani.

Ndiyo maana nchi hazikuipata kwa usawa. Korea Kusini ilianza kuuza ADSL mwaka 1999, na kufikia mwaka 2002 ilikuwa na wateja wa intaneti ya kasi zaidi ya milioni 10. Siri moja ni maghorofa: familia mamia zinaishi eneo moja, mtambo uko jirani, waya mfupi. Uingereza, BT ilianza mwaka 2000, kilobiti 512 kwa pauni 39.99 kwa mwezi, na kufikia mwaka 2005 mitambo yenye huduma hiyo ilizifikia zaidi ya asilimia 99 ya nyumba. Afrika Kusini, Telkom ilianza mwaka 2002, na mteja akawekewa kikomo cha gigabaiti 3 kwa mwezi. Ukizimaliza tarehe kumi, shauri yako. Mwaka 2007 laini za DSL duniani zilivuka milioni 200.

Na sisi? Mwaka 2005 Tanzania nzima ilikuwa na simu za mezani kama 154,000, kwa watu zaidi ya milioni 35. TTCL ilipoanza kuuza ADSL katikati ya miaka ile, ilikuwa inawauzia wale wale wachache wenye waya, wengi wao wakiwa mijini. Hata huyo wa Dar es Salaam mwenye ADSL yake mezani, data zake zilikuwa zinatoka nchini kwa kupitia setilaiti, kwa sababu mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar mwezi Julai 2009 tu. Kabla ya hapo megabiti moja ya kwenda nje iligharimu dola elfu kadhaa kwa mwezi. Kwa hiyo waya wa nyumbani ulikuwa mpana, mlango wa nchi mwembamba.

Tuje kwetu Nyakasimbi

Nyakasimbi iko Karagwe, mkoani Kagera. Wakati ule Karagwe ilikuwa bado na eneo la Kyerwa ndani yake, kabla halijawa wilaya mwaka 2012. Migomba, kahawa, vilima, na msimu ukifika, senene. Nilikuwa nafundisha sekondari. Waya wa simu haukuwapo nyumbani kwangu, wala kwa jirani, wala kwa jirani wa jirani. Sikuwahi kuulalamikia, kwani huwezi kukosa kitu ambacho hujawahi kukiona.

Tulikuwa na simu za mkononi, sawa. Simu niliichaji dukani kwa shilingi mia tatu, kisha napanda mwinuko wa nyuma ya shule kutafuta mtandao. Nabipu. Yeye ananipigia kwa zile kadi za bei poa walizokuwa wanakwangua wanafunzi wa nje. Nikitaka intaneti nilikuwa nakwenda Kayanga kwenye kafe moja yenye kompyuta chache, zote zikinywa kwenye dishi moja la setilaiti. Mvua kubwa ikinyesha, dishi nalo linagoma. Barabara ilikuwa vumbi, unafika umebadilika rangi ya nywele. Saa moja ya kompyuta ilitosha kufungua barua pepe tatu, kama mwenye zamu ya kabla yako hakuwa anapakua muziki.

Sasa fikiria mambo yanavyosikika ukweni. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Mwanaume yuko Ujerumani, nchi ya Benz. Miezi inapita, anapiga mara moja kwa wiki, barua pepe zinakuja kwa msimu kama senene. Shangazi yangu, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye kauli katika mambo haya, akaniita jikoni.

"Mwanangu, huyo wa Ulaya anasemaje?"

"Shangazi, anasema kwake hakuna intaneti. Anatumia ya maktaba ya chuo, na maktaba inafungwa."

Shangazi alinyamaza. Akakoroga sufuria. "Ulaya," akasema, "hakuna intaneti."

Hakusema kama swali. Na si yeye peke yake. Walimu wenzangu walinionea huruma waziwazi. Shosti mmoja akanieleza kwamba kaka yake yuko Uingereza chumba cha kupanga, na ana intaneti ya kasi saa ishirini na nne, anatazama mpira humo. Kama Uingereza ipo, Ujerumani itakosaje? Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana iliniuma.

Ulaya hakuna intaneti?

Ukweli, mwenzangu, ulikuwa wa ajabu kuliko uongo.

Ujerumani Mashariki ya kikomunisti ilikuwa na simu chache kupindukia. Watu walikuwa wanaomba laini na kusubiri miaka kumi na zaidi. Nchi ilipoungana mwaka 1990, mtandao wa simu wa upande huo ukajengwa upya haraka haraka, na baadhi ya maeneo, Dresden na Leipzig yakiwemo, yakafungiwa kitu cha kisasa kuliko vyote: nyuzi za kioo, tunazoziita faiba leo. Wakati ule hata majirani zao wa magharibi wengi hawakuwa nazo. Kila mtu alidhani hao wameukata.

Halafu mwaka 1999 DSL ikaingia sokoni Ujerumani, nayo inataka shaba. Shaba mwanzo mpaka mwisho. Faiba zile za mwanzo wa miaka ya 1990 zilikuwa zimewekewa vifaa vya sauti tu, hazikuwa na habari na data za kasi. Kwa hiyo mtaa wenye waya mkuukuu ukapata intaneti ya kasi, na mtaa wenye faiba mpya ukakosa. Nyumba nyingi sana za mashariki zilikwama hivyo miaka kadhaa, mpaka kampuni zikaanza kurudi kufukua barabara na kulaza nyaya za shaba kando ya nyuzi za kioo. Soma tena sentensi hiyo. Walirudi kuweka shaba.

Mchumba wangu alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa namna hiyo. Aliomba DSL, akajibiwa kwa barua kwamba kwenye anwani yake haipatikani. Kwenye simu aliponieleza mambo ya vioo na shaba nilielewa nusu. Shangazi nilipomfikishia hiyo nusu, alielewa robo, na hiyo robo haikumpendeza. Vikao vikaanza. Ukisikia kaka zako wamekaa na baba chini ya mwembe na wewe hukuitwa, ujue ng'ombe wanahesabiwa upya. Habari iliyonifikia ni kwamba mahari irudishwe kabla binti hajazeeka.

Nilimwandikia anitumie ile barua yenyewe. Akaituma kwa posta. Ilichukua wiki kama tatu, na ilipofika, ilikuwa ya Kijerumani kitupu! Nani Karagwe anasoma Kijerumani? Bahati nzuri Kayanga alikuwapo kijana wa kujitolea kutoka Ujerumani, tena mpole. Nilimchukua shangazi, tukapanda gari, tukamkuta. Kijana akaisoma, akaanza kucheka, akaomba radhi kwa kucheka. Akatueleza kwa Kiswahili chake cha miezi sita kwamba dada ya mama yake anaishi Leipzig na ana tatizo hilo hilo, na kila Krismasi familia inalizungumzia mezani.

Shangazi alimtazama sana yule kijana. Alimwuliza kitu kimoja tu: "Na huyo mama yako mdogo, mume wake anamwamini?"

Tukarudi Nyakasimbi kimya kimya. Kikao kilichofuata nilisikia shangazi ndiye aliyeongea zaidi, na ng'ombe wakabaki walipokuwa.

Nusu sekunde

Lakini bado lile la kukawia kujibu. Hilo barua haikulitibu, kwa sababu nilikuwa nalisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nikimwuliza jambo jepesi, umekula nini, anajibu baada ya kupumzika kidogo. Nikimwuliza zito, mapumziko yale yale. Mara nyingine wote tunaanza kuongea pamoja, wote tunanyamaza, wote tunaanza tena. Unakata simu umechoka kama umelima.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenitolea chaki. Setilaiti za mawasiliano za aina ile zinakaa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini. Simu za kimataifa za wakati huo zilipitia huko. Swali langu linapanda 36,000, linashuka 36,000. Jibu lake nalo linapanda na kushuka. Jumla kilomita 144,000. Mawimbi ya redio yanakwenda kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Piga hesabu: karibu nusu sekunde imeliwa na anga kabla mchumba hajafikiria lolote. Kwenye laini ya DSL yenye njia ya nchi kavu, safari ya kwenda na kurudi ndani ya bara moja ni sehemu ndogo tu ya muda huo.

Utasema nusu sekunde ni nini. Watafiti waliochunguza mazungumzo katika lugha 10, kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta mtu hujibu swali kwa wastani wa sehemu mbili za kumi za sekunde, na kwamba jibu la kukubali huja mapema kuliko la kukataa. Kwa hiyo masikio yetu yamefundishwa tangu utotoni: anayesita ana neno. Shangazi angekuambia hivyo bure, bila utafiti. Mwaka 2014 watafiti huko huko Ujerumani wakaenda mbali zaidi. Walichelewesha simu za watu kwa makusudi, na wakaona kwamba kuchelewa kwa sekunde 1.2 kulitosha kumfanya mtu wa upande wa pili aonekane si msikivu na si mchangamfu. Watu hawakuilaumu laini, walimlaumu mtu.

Sisi tuliponea kwenye redio kol. Si unazijua, zile za misheni na polisi, mtu anamaliza kusema anatamka "ova". Tukaanza kama mzaha. "Umekula? Ova." "Viazi tena. Ova." Siku ya kwanza tulicheka mpaka kadi yake ikaisha. Baada ya hapo hatukugongana tena, na lile swali kubwa nikaweza kuliuliza bila kuhesabu sekunde.

Ile herufi A

Mwaka 2006 alihamia mtaa wa shaba, akapata ADSL ya megabiti moja, akanunua na kamera. Tukadhani taabu imekwisha. Wapi! Ile A ya mwanzo wa ADSL maana yake ni kwamba njia mbili hazilingani: ya kushusha ni pana, ya kupandisha ni nyembamba. Waliobuni walijua watu majumbani wanapokea zaidi kuliko wanavyotuma. DSL za mwanzo Ujerumani zilikuwa kilobiti 768 kushusha na 128 tu kupandisha. Kwa kusoma habari ni sawa. Kwa wapenzi wanaotaka kuonana, sura yako inasafiri kwenye ile njia nyembamba. Na mimi huku Kayanga nilikuwa nagawana dishi na kafe nzima. Yeye aliniona kama tofali za rangi ya kahawia zinazosogea. Tukazima kamera, tukabaki kuandikiana kwenye Yahoo Messenger, ambayo yenyewe ilifungwa mwaka 2018.

Tulifunga ndoa aliporudi. Shangazi alivaa kitenge kipya, akakataa kabisa kuzungumzia nyaya.

DSL haikufika Nyakasimbi, na haitafika. Tanzania iliruka hatua hiyo. Simu za mkononi zilikuwa karibu milioni 3 mwaka 2005 na karibu milioni 21 mwaka 2010, huku za mezani zikibaki pale pale. Na walioipata mapema nao wanaing'oa shaba yao: Hispania ilifunga mitambo ya mwisho ya shaba mwaka 2025, Uingereza imepanga kuzima mtandao wa zamani wa simu ifikapo Januari 2027, Ufaransa inalenga 2030. Faiba, ile ile iliyowakwamisha watu wa Dresden, ndiyo sasa kila mtu anaipigania.

Kwa hiyo kama wewe na mwenzako mko mbali, kabla hamjaitana majina, ulizaneni mko kwenye laini gani. Pimeni kasi, wote wawili, saa ile ile mnayopenda kuongea na si saa nane za usiku mtandao ukiwa mtupu. Mtaona namba mbili. Watu wote hujisifia ile kubwa ya kushusha. Wewe itazame ile ndogo, ya kupandisha, maana hiyo ndiyo inayobeba sura yako kwenda kwake. Yake ikiwa ndogo, usimwambie amepungua au anajificha gizani. Kama mmoja wenu anatumia setilaiti, jua ni ya juu au ya chini, kwa sababu zile mpya zinazozunguka kilomita 550 hivi hazina ule usumbufu wa nusu sekunde. Na picha ikianza kuganda katikati ya maongezi mazito, zimeni kamera mara moja. Sauti peke yake inahitaji kilobiti chache mno, inapenya hata pale mtandao unapochechemea. Mume wangu akisafiri kikazi tunafanya hivyo, na akikawia kujibu namwambia tu, "Ova."